Rubani wa Mhubiri

Mchungaji ninayetaka kumweleza hapa ana vitabu sita tu vya ufafanuzi wa Biblia, na hakuna hata kimoja kilichoingia nyumbani kwake bila kufanyiwa mtihani. Kanisa lake liko kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, upande wa Gede, na nyumba yake iko nyuma ya kanisa, chini ya mkorosho. Vitabu hukaa mezani vimefunikwa kwa leso kuukuu, maana vumbi na hewa ya chumvi haviheshimu karatasi. Ukimletea kipya, hashughuliki na jalada wala sifa zilizoandikwa nyuma. Hufungua Matendo ya Mitume, mlango wa 27, akasoma kimya. Baada ya dakika kumi atakwambia kama ni cha kununua au ni cha kurudisha dukani.

Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya mzee. Nilipokaa naye wiki nzima akiandaa hubiri moja, nilitambua kwamba natazama ufundi uliokomaa, kama wa fundi wa majahazi anayegonga ubao kwa kiganja na kusikiliza kabla hajautia msumeno.

"Kwa nini mlango huo, Mchungaji?" nilimuuliza.

"Kwa sababu ni safari ya bahari, na watu wangu ni wa pwani. Mwandishi akikosea bahari, mvuvi aliyekaa benchi ya nyuma atajua kabla yangu. Na akinipoteza baharini, nitamwaminije akinieleza habari za mbinguni?"

Jibu hilo lina mizizi mirefu katika mji wa Malindi. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alitia nanga hapa akiwa na meli madhubuti na mabaharia wazoefu, lakini njia ya kuvuka kwenda India hakuijua. Mfalme wa Malindi akampa rubani. Kabla mwezi haujatimia, Wareno hao walikuwa wameiona pwani ya Kalikuti. Rubani hakuwa mwenye meli, wala si yeye aliyepakia shehena. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa maji yale: pepo zake, majira yake, na miamba yake iliyojificha. Kitabu cha ufafanuzi, ambacho wachungaji wengi wanakiita komentari, ni rubani wa namna hiyo. Shehena ni Neno, chombo ni kanisa, na nahodha atakayeulizwa habari za abiria ni mhubiri mwenyewe. Basi kazi ya kuchagua rubani si ndogo.

Wiki yake ya kazi huanza bila rubani. Jumatatu leso haiondolewi juu ya vitabu. Mchungaji husoma mlango wake kwa sauti mara tatu: kwanza katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, kisha Habari Njema ya 1995, kisha Biblia ya Kigiriama, lugha ambayo mama yake alimwombea nayo. Husema kwamba tafsiri ndiyo ufafanuzi wa kwanza, na anajua anachosema. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujafika mwisho alikuwa ameanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, huku akiwa amemzika mkewe na kichanga chao mwezi wa Julai. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann, na Rabai hiyo iko ndani ya Kaunti ya Kilifi, kaunti ile ile yenye Malindi. Baadaye yakaja matoleo mawili ya Biblia nzima, la Unguja mwaka 1891 na la Mombasa mwaka 1914, na ile ya 1952 ikaitwa Union kwa kuwa ilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa pande zote mbili. Kila neno katika kurasa hizo liliamuliwa na mtu aliyekaa akapima. Anayesoma tafsiri tatu huanza kuona wapi wapimaji walitofautiana, na hapo ndipo maswali yanapozaliwa.

Maswali huandikwa katika daftari la shule, la mistari. Wiki ile nilihesabu kumi na saba. Kufunga gani kunatajwa hapa? Upepo huu ulitoka wapi? Kwa nini nanga zilitiwa tezini, nyuma ya chombo? Nani alihesabu abiria? Kwa nini mfungwa, Paulo, ndiye anayewahimiza watu wale? Kanuni yake ni kwamba kitabu cha ufafanuzi hakifunguliwi mpaka ukurasa mzima wa daftari umejaa. "Ukimpandisha rubani nawe hujui unakokwenda," aliniambia, "atakupeleka kwake."

Jumatano leso huondolewa, na hapo mtihani wenyewe huonekana.

Swali la kwanza ni la kufunga. Luka, mwandishi wa Matendo, anataja kufunga kulikokwisha kupita, kisha anasema safari imekuwa ya hatari. Mtu wa pwani anayeishi mlango kwa mlango na Waislamu huwaza Ramadhani. Mkristo aliyezoea mikesha huwaza siku tatu za maombi bila kula. Ufafanuzi unaofaa humtoa kote huko kwa upole. Unamweleza kwamba hiyo ni Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, inayoangukia Septemba au Oktoba, na kwamba Luka anaitumia kama kalenda. Katika Bahari ya Mediterania ya zamani zile, safari baada ya katikati ya Septemba zilikuwa za mashaka, na kuanzia Novemba hadi Machi bahari ilikuwa kama imefungwa. Ukimweleza hivyo mvuvi wa Ngomeni au Takaungu ataelewa mara moja, kwa kuwa naye anayo majira yake: kusi ikivuma kwa nguvu mwezi wa Juni na Julai, vyombo vidogo hukaa pwani. Ufafanuzi usiojibu swali hili, ukaruka moja kwa moja kwenye mafunzo ya subira, umeanguka mtihani wa kwanza.

Swali la pili ni la upepo. Jina la dhoruba ile limeundwa kwa vipande viwili, cha Kigiriki chenye maana ya upepo wa mashariki na cha Kilatini chenye maana ya upepo wa kaskazini. Ulishuka kutoka milima ya Krete, ukitokea kaskazini mashariki. Hapa mhubiri wa pwani hukabiliwa na mtego ambao mwandishi wa Ulaya hawezi hata kuuwaza. Upepo wetu wa kaskazini mashariki ni kaskazi, na kaskazi kwa wavuvi wetu ndio msimu wa kazi, msimu wa maji maangavu na samaki wa kina kirefu. Mhubiri akisema mimbarini kwamba Paulo alipigwa na kaskazi, wasikilizaji wataona moyoni bahari tulivu. Kitabu kilimpa mwelekeo wa upepo, naye ilimpasa kuongeza kwamba upepo wa upande huo huo, katika bahari ile, ulikuwa kama kusi kali ya kwetu. Ufafanuzi mzuri humpa mhubiri ukweli ulio kamili kiasi cha kumwezesha kuuvusha mwenyewe hadi kwa watu wake.

Swali la tatu linapima unyofu wa mwandishi. Abiria walikuwa 276, ndivyo Biblia zetu zinavyosema. Lakini yapo maandiko ya kale, mojawapo likiwa nakala maarufu ya Vatikano, yanayosema walikuwa kama 76. Mwandishi mwaminifu hulitaja jambo hilo, akaeleza kwa nini wengi wanaishika 276, kisha akaendelea na safari. Hafichi mwamba kwa kuogopa kumtisha abiria. Mchungaji wangu hukipenda kitabu kinachosema "hapa wataalamu hawakubaliani", mradi kisiishie hapo. Anataka mwandishi aonyeshe njia zote mbili, kisha aseme yeye anaelekea ipi na kwa sababu gani.

Swali la nne ni la nanga. Zilikuwa nne, na wahubiri wengi wamezigeuza kuwa imani, tumaini, upendo na maombi, au fadhila nyingine nne zilizokuwa karibu. Mchungaji akikuta ufafanuzi unaofanya hivyo, huufunga. Hakasiriki, huweka tu kiganja juu ya jalada na kukisukuma pembeni. "Nanga nne ni nanga nne," husema. "Luka alizihesabu kwa sababu zilikuwapo."

Kumbe kuzihesabu nanga nako kuna historia yake. Mwaka ule ule wa 1844 ambao Krapf alikuwa Mombasa akihangaika na vitenzi vya Kiswahili, Mskoti mmoja aitwaye James Smith alikwenda Malta kukaa kipindi cha baridi. Hakuwa kasisi. Alikuwa mfanyabiashara aliyependa kuendesha vyombo vya matanga, na alitaka kujua kama mlango wa 27 wa Matendo uliandikwa na mtu aliyekuwamo safarini. Alichunguza pepo, kina cha maji, udongo wa chini ya bahari, na namna meli za kale zilivyoundwa. Alichukua umbali wa kutoka kisiwa cha Kauda hadi Malta, akakadiria kwamba dhoruba ya namna ile huisukuma meli maili moja na nusu hivi kwa saa, na hesabu yake ikampa siku 13 na saa chache. Luka anasema ilikuwa usiku wa kumi na nne. Kitabu cha Smith kilitoka mwaka 1848, na zaidi ya miaka mia baadaye F. F. Bruce, mmoja wa wafafanuzi wakubwa wa Matendo katika karne ya 20, alikuwa bado anamtegemea katika mlango huu. Ndiyo sababu mchungaji akifungua ufafanuzi mpya wa Matendo hutafuta jina la Smith katika tanbihi. Akilikuta, anajua kwamba mwandishi alikwenda kumuuliza mtu wa bahari.

Yeye naye huenda kuuliza. Alhamisi nilifuatana naye hadi pwani ya Mayungu, kusini ya mji wa Malindi. Mashua zilikuwa zimerudi, na mzee mmoja nahodha alikuwa kivulini akishona tanga. Ni Mwislamu, na nilielewa haraka kwamba wawili hawa wamezoeana kwa miaka mingi.

"Salaam aleikum, Nahodha."

"Aleikum salaam, Mchungaji. Leo umekuja na swali gani?"

"Chombo kimepigwa na dhoruba siku kumi na nne. Usiku mabaharia wahisi nchi i karibu. Watupa bildi, wapata pima ishirini. Wasonga kidogo, wapata kumi na tano. Wafanyeje?"

"Watie nanga."

"Wametia. Nanga nne. Lakini wamezitia tezini, si omo."

Nahodha aliacha sindano. Akachora mchangani kwa kidole: mstari wa pwani, kisha umbo la chombo. Alikitazama muda mrefu. "Aliyetia hivyo alikuwa baharia kweli," alisema mwishowe. "Ukitia nanga omo, upepo utakizungusha chombo, tezi itazame nchi. Kukicha utakigeuza vipi na mawimbi yale? Ukitia tezini, omo yakaa kutazama nchi usiku kucha. Kukipambazuka wazikata kamba, wainua tanga dogo la mbele, wapanda ufukoni moja kwa moja."

Mchungaji hakuwa amemsomea mstari wa 40, ambamo mabaharia wanafanya hivyo hivyo: wanazikata nanga, wanafungua kamba za usukani, wanainua tanga la mbele, wanauelekea ufuko. Alimshukuru mzee, akaandika katika daftari, na njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Smith alipata jibu lile lile kwa kuchunguza vyombo vya kale na kina cha maji. Nahodha wa Mayungu alilipata kwa kuchora mchangani. Ufafanuzi uliokuwa mezani chini ya mkorosho ulikuwa umesema kweli, na sasa mchungaji alijua kwamba umesema kweli.

Yote hayo yalikuwa maandalizi ya mistari minne tu, wa 33 hadi wa 36. Meli bado iko gizani, na watu wamekaa siku kumi na nne bila chakula. Paulo hawasifu kwa kutokula kwao. Anawasihi wale. Anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaumega, anaanza kula yeye, nao wakachangamka wakala. Sababu anayowapa ni kwamba kula huko ni kwa ajili ya kuokoka kwao, na neno la Kigiriki alilolitumia Luka ni soteria, neno lile lile ambalo kwingineko katika Agano Jipya husimama kwa wokovu. Vitabu viwili kati ya vile sita vililisimamia neno hilo na kueleza kwamba mlango mzima umefumwa kwa maneno ya jamii yake: tumaini la kuokoka linapotea, linarudi, na mwishoni wote wanafika nchi kavu salama.

Katika Kaunti ya Kilifi mistari hiyo haisomeki kama inavyosomeka kwingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, na kazi hiyo ilipokwenda mbele miili iliyotolewa ilizidi 400. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa na baadhi kwa kunyongwa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Walikuwa watu waliofuata mahubiri. Tangu hapo neno kufunga lina uzito mpya katika makanisa yetu, na hakuna mchungaji wa huku anayelipandisha mimbarini bila kujua kwamba huenda aliyepoteza ndugu amekaa mbele yake.

Sidai kwamba kitabu kinaweza kuzuia msiba wa namna ile. Nasema ninachokiona katika kazi ya mtu huyu: kila wiki analiweka wazo lake mbele ya watu wengine, waliokufa na walio hai, wa kanisa lake na wasio wa kanisa lake, na kuwapa nafasi ya kumwambia amekosea. Alikuwa amekwisha kuandika Jumatatu kwamba mlo ule wa melini ni Meza ya Bwana. Jumatano ufafanuzi mmoja ukamkumbusha kwamba wengi wa waliokula walikuwa mabaharia na askari wa mataifa, na kwamba kushukuru na kuumega mkate ndivyo Myahudi yeyote alivyoanza chakula chake, ingawa msomaji wa Luka hawezi kukosa kuusikia mwangwi. Akakata sentensi yake kwa mstari mmoja wa kalamu, na juu yake akaandika: mwangwi. Nililitazama neno hilo moja na kuona heshima yote ya kazi hii. Mtu aliyekubali kusahihishwa Jumatano anaweza kuaminiwa Jumapili.

Kwa wanaoanza kazi hii, ambao fedha zao ni chache, ushauri wake ni wa wazi. Kitabu kikubwa kinaweza kumgharimu mhubiri wa kijijini bei ya mbuzi, kwa hiyo asinunue mfululizo mzima wa mwandishi mmoja. Mtu anayelijua vema Agano la Kale huenda akawa mchanga katika Ufunuo. Aanze na kitabu kimoja kinachogusa Biblia yote, kisha aongeze kimoja kimoja kwa kufuata kitabu anachohubiri mwaka huo. Cha kwanza mezani kwa mchungaji ni ufafanuzi wa Biblia wa Afrika uliotoka mwaka 2006 chini ya uhariri wa Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, ulioandikwa na wasomi 70 wa bara hili. Humo Mkenya Samuel Ngewa ndiye aliyefafanua Injili ya Yohana. Kitabu kimoja cha namna hiyo hakiwezi kukaa muda mrefu juu ya kila mstari, lakini waandishi wake wanajua mahari ni nini, wanajua uchawi unavyotisha, wanajua kaburi la babu lina maana gani kwa familia, na hilo mwandishi wa mbali hulipita bila kuliona.

Cha pili ni Matthew Henry, ambaye siku hizi yumo katika simu bila malipo. Alifariki mwaka 1714 akiwa amefika mwisho wa Matendo, na vitabu vilivyobaki vikakamilishwa na wenzake. Hana habari za uchunguzi wa baadaye, lakini ana joto la mtu anayesoma akiwa amepiga magoti. Swali la ni vitabu gani vinunuliwe si geni hata kidogo: Charles Spurgeon wa London alitoa kitabu kizima mwaka 1876 kuwaongoza wanafunzi wake katika jambo hili. Sisi tuna upungufu mmoja ambao wao hawakuwa nao. Fafanuzi za kina zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo bado ni chache, na mhubiri wetu hulazimika kupita katika Kiingereza ili afike kwa watu wanaosali kwa Kiswahili na Kigiriama. Ndiyo sababu daftari lake, lenye majibu kwa lugha ya wanaomsikiliza, ni mali.

Ijumaa vitabu hufunikwa tena. Wahenga wa pwani walisema tezi na omo marejeo ni ngamani: maji yakiingia mbele au nyuma, yote huteremka mahali pamoja, chini ya chombo. Mchungaji husoma mlango wake mara moja zaidi, bila kalamu, na chochote ambacho vitabu vimemfunza lazima kiteremke humo humo katika maneno ya Luka. Kisichoteremka hukiacha.

Jumapili alihubiri kwa dakika ishirini na tano. Hakumtaja Smith, wala Bruce, wala Kigiriki. Alisema kwamba kuna majira bahari haisafiriki, na waliopuuza onyo waliwatia hatarini watu 276. Aliwaeleza mabaharia waliotaka kutoroka kwa mashua usiku na kuwaacha abiria, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kiongozi wa kweli hubaki chomboni. Halafu akachukua kipande cha mkate wa kawaida kilichokuwa mimbarini, akasema kwamba mtumishi wa Mungu aliwakuta watu wenye njaa gizani akawaambia: kuleni, mpate kuokoka. Aliumega. Aliula mbele yetu. Mama mmoja wa safu ya tatu alijifunika uso kwa leso, na jirani yake akamshika mkono.

Jioni nilimkuta mezani na penseli. Alikuwa amefungua ufafanuzi wake wa Matendo mahali pale penye nanga za tezi, na pembezoni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, alikuwa akiandika aliyoyasema mzee wa Mayungu: omo itazame nchi usiku kucha. Akaweka tarehe. Nilimuuliza kwa nini, na yote yamo katika daftari.

"Daftari litaliwa na mchwa," alisema. "Kitabu hiki kitarithiwa. Atakayekipata naye akutane na Nahodha."